Pampu ya Hewa Ikifa, Uliza Kwanza Kilichoiua



Zamani tulipokuja kutembelea vikundi tulikuwa tunaonyeshwa mbuzi, mizinga ya nyuki na tangi la maji. Siku hizi, kutoka Runyenjes mpaka Maua, mara nyingi tunaonyeshwa pia gari. Kikundi kimechanga miaka mitatu au minne, kimeongeza mkopo kidogo, kimenunua gari iliyotumika ng'ambo. Ni jambo la kufurahisha. Lakini mbuzi akiugua kila mtu kwenye kikundi ana maoni, na gari ikiugua wote hunyamaza na kumwangalia fundi. Tunaandika juu ya ugonjwa mmoja tu wa gari, kwa sababu ulikaribia kuvunja kikundi kimoja tunachokijua, na kwa sababu sisi wenyewe tulichangia makosa.

Kikundi hicho kiko upande wa Nkubu. Ni akina mama wengi na vijana wachache. Walinunua gari ndogo ya Kijerumani ya petroli, yenye buti kubwa, iliyotoka Uingereza. Mchana inabeba ndizi na maziwa kwenda soko la Gakoromone mjini Meru, na usiku ndiyo inayopeleka wagonjwa na akina mama wa kujifungua hospitalini. Asubuhi moja ya baridi, mwezi wa saba, dereva aliwasha injini, na ile taa ya manjano yenye picha ya injini ikabaki inawaka. Gari ilienda vizuri tu. Haikukosa nguvu, haikutoa moshi.

Walimwita fundi mwenye kile kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari. Kifaa kikaandika P0410. Fundi akasema, "Mama mwekahazina, pampu ya hewa imekufa. Inatakiwa mpya." Bei aliyotaja ilikuwa sawa na mchango wa kikundi kizima kwa miezi mitatu. Mwenyekiti alikuja kutuuliza ushauri. Sisi tulisema: fundi amesoma kwa mashine, na mashine haisemi uongo, lipeni. Pampu ikaletwa kutoka Nairobi, taa ikazima, watu wakashukuru.

Mvua ya vuli ilipokwisha, mwezi wa kumi na mbili, taa ikawaka tena. Namba ile ile, P0410. Mkutano wa kikundi uliofuata hatutausahau. Kuna waliosema pampu ya kwanza haikuwa mpya. Kuna waliosema mwekahazina na fundi waligawana pesa. Wanachama wawili wakaacha kuchanga. Mwekahazina, mama mtu mzima ambaye hajawahi kukosa hata shilingi kumi kwenye hesabu zake, aliweka kitabu mezani akakaa kimya.

Aliyewasaidia ni fundi mwingine wa jua kali pale Embu, ambaye dereva alimpitia akiwa na safari zake nyingine. Hakuanza kwa kuuza kitu. Aliifungua pampu, akaiinamisha, na maji meusi yakatoka kama kikombe cha chai ya rangi. Akasema, "Hii haikufa yenyewe. Hii iliuawa. Na kilichoiua bado kiko kwa gari."

Sasa tueleze hiyo pampu ni ya nini.

Kila mmoja wetu amewasha moto wa kuni jikoni asubuhi. Mwanzoni kuni ni baridi, moshi ni mwingi, macho yanawasha. Ukiinama ukapuliza, mara ule moshi wenyewe unashika moto. Moshi mzito ni kuni ambazo hazijaungua vizuri. Ukiupa hewa wakati kuna joto, unaungua, na jiko linapata moto haraka.

Injini ya petroli ni hivyo hivyo. Ikiwa baridi, kompyuta huipa petroli nyingi kuliko kawaida ili isizime. Sehemu ya petroli hiyo haiungui, inatoka na moshi. Chini ya gari kuna kopo la kusafisha moshi ambalo mafundi huliita kataliti. Ndani yake kuna kitu kama sega la nyuki, kimepakwa madini ghali ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Kataliti hubadilisha sumu ya moshi iwe kitu chenye madhara madogo, lakini haifanyi kazi ikiwa baridi. Mpaka ifike joto la karibu digrii 250 hadi 300 ni kama haipo. Kwa hiyo dakika moja au mbili za kwanza asubuhi ndizo gari hutoa uchafu mwingi zaidi.

Hapo ndipo pampu ya hewa inaingia. Ni pampu ndogo ya umeme. Ukiwasha injini baridi inavuta hewa safi na kuipuliza kwenye ekzosi, karibu kabisa na injini, mahali moshi bado ni wa moto sana. Petroli iliyobaki inaungulia hapo, na joto lake linachemsha kataliti haraka. Baada ya dakika moja, moja na nusu hivi, kazi imeisha na pampu inazima. Saa zingine gari inaiwasha tena kidogo ili kuijaribu. Basi. Wakati huo mwingine wote wa safari, kutoka Embu mpaka Meru, imelala.

Wazo hili si geni. Mji wa Los Angeles kule Marekani ulikuwa ukifunikwa na ukungu wa kahawia unaochoma macho, na mapema katika miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu huo unatokana na moshi wa magari na viwanda unapopigwa na jua. Magari ya mwaka 1966 yaliyouzwa California ndiyo yaliyoanza kuwekewa pampu za hewa, zikizungushwa na mshipi wa injini. Kataliti zilikuja baadaye, kwenye magari ya mwaka 1975. Hapa kwetu kataliti hazingeishi, kwa sababu petroli ilikuwa na risasi, na risasi huua kataliti. Kenya iliacha petroli ya risasi mwisho wa mwaka 2005. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Kwa hiyo gari inayokuja Mombasa siku hizi inakuja na vifaa vyake vyote vya kusafisha moshi, na kwa kuwa sheria haikubali gari iliyozidi miaka minane, vifaa hivyo huwa bado vinafanya kazi. Ni sisi huku tunaovimaliza.

Kabla hujaanza kutafuta pampu kwa gari yenu, jua kwamba magari mengi hayana. Probox haina. Gari ya dizeli haina, hata ingekuwa kubwa namna gani, na ikitoa moshi mweusi hiyo ni habari nyingine: angalia chujio la hewa na nozeli kwanza. Pampu hii utaipata kwa magari mengi ya petroli ya Volkswagen, Audi, Mercedes-Benz na BMW, na kwa baadhi ya Subaru na Toyota zenye injini kubwa. Fundi akikwambia pampu ya hewa ya Probox yenu imekufa, mshukuru na uende nyumbani.

Tuje kwa taa, maana taa ndiyo inayotia watu hofu, na hofu ndiyo inayomaliza pesa za kikundi. Taa ya manjano ya injini ikiwaka bila kupepesa, gari inasema: nitazame ukipata nafasi. Ikiwa inapepesa, injini inakosa moto kwenye silinda moja, petroli mbichi inaingia kwenye kataliti na inaweza kuiyeyusha. Punguza mwendo, simama mapema, tafuta fundi. Taa nyekundu ya mafuta ya injini ni amri: zima injini hapo hapo, hata kama mko katikati ya mteremko wa Nithi, mradi umetoka barabarani. Pampu ya hewa ni ya kundi la kwanza. Ikifa, injini haiharibiki na gari haitawaacha njiani. Hii tungeijua mwezi ule wa saba, tungewaambia wale akina mama wasubiri, wachunguze, na pesa iende kwa matairi ya nyuma ambayo yalikuwa yamebaki na nyuzi.

Na ile namba? P0410 maana yake ni kwamba mpango mzima wa hewa hiyo una kasoro. Haisemi pampu. Gari ina sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Pampu ikipuliza, sensa hiyo inatakiwa kuona hewa imeongezeka. Isipoiona, kompyuta inaandika P0410 au P0411. Sasa hewa inaweza kukosa kufika kwa sababu nyingi: pampu haizunguki, fyuzi imekatika, rilei imeungua, mpira umepasuka, vali haifunguki, njia imeziba kwa masizi. Ni kama mama akuambie maji hayajafika nyumbani. Huwezi kukimbilia kununua pampu ya kisima kabla ya kuangalia kama mfereji umefungwa. Namba P0418 iko wazi kidogo, hiyo inaelekeza kwenye rilei na waya zake. Kwa hiyo tulikosea tuliposema mashine haisemi uongo. Haikusema uongo, lakini sisi hatukuelewa ilichosema.

Uchunguzi wa kwanza kikundi kinaweza kufanya bila fundi. Unahitaji asubuhi, gari iliyolala usiku kucha, na watu wawili. Gari iwe nje, si ndani ya banda. Moshi wa injini baridi una gesi ya monoksidi ya kaboni, ile ile ya jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa. Haina harufu, na inaua. Fungua bonneti. Mmoja awashe injini, mwingine asikilize, akiweka nguo na nywele mbali na mshipi. Pampu nzima inalia kwa sauti nyembamba kama draya ya saluni, kisha inanyamaza baada ya dakika moja au mbili. Kama unaisikia hivyo, pampu ina uhai. Kama inalia kama kokoto kwenye debe, bado inazunguka lakini iko karibu na mwisho. Kama kuna kimya, hapo ndipo kazi inaanza.

Jambo moja hapa limewaponza wengi. Gari inapelekwa gereji saa nane mchana baada ya kutoka sokoni, fundi anawasha, anasikiliza, anasema, "Hailii, imekufa." Injini ikiwa ya moto pampu hailii hata ikiwa mpya kabisa! Ni lazima gari ilale, au fundi awe na mashine inayoweza kuiamuru pampu iwake. Ukiona anaihukumu pampu kwa kusikiliza injini ya moto, funga bonneti kwa heshima.

Kukiwa na kimya, fundi aanze na vitu vya bei rahisi. Fyuzi ya pampu ni kubwa kuliko zingine, mara nyingi ya ampea 40 au 50, na inaweza kuwa peke yake karibu na betri. Ikiwa imekatika, usiweke nyingine na kwenda zako, maana kuna kilichoikata, na mara nyingi ni pampu iliyoshika kutu ikavuta umeme kupita kiasi. Kisha rilei. Kama kuna rilei nyingine ya namba ile ile kwenye gari, zibadilishane kwa muda uone. Miguu yake ikiwa imeungua au ina rangi ya kijani, hapo kuna jibu. Kisha fundi achomoe plagi ya pampu, aweke taa ya kupimia, na injini baridi iwashwe. Taa ikiwaka na waya wa chini ni mzima, umeme unafika na pampu haitaki kazi. Taa isipowaka, pampu haina makosa, tafuta waya. Njia nyingine ni kuipa pampu umeme wa betri moja kwa moja kwa waya mnene wenye fyuzi, sekunde chache tu. Ikizunguka vizuri, acha kuilaumu.

Kuna kasoro moja ambayo haiwezi kungoja. Rilei ikishikana, pampu hailali. Utasikia inalia hata injini ikiwa ya moto, saa zingine hata gari ikiwa imezimwa. Betri itakwisha, na mbaya zaidi pampu itapata moto sana. Chomoeni fyuzi yake siku hiyo hiyo, gari itaendelea na kazi.

Sasa, pampu inalia lakini taa bado inawaka. Fuata mpira kutoka kwa pampu. Mipira hii kwa magari mengi ni ya plastiki ngumu yenye mikunjo, na ikizeeka inapasuka upande wa chini ambao hauonekani. Pitisha mkono pole pole injini ikiwa baridi. Ukiondoa mpira mahali unapoingia kwa vali, na mtu akiwasha gari iliyolala, unatakiwa kusikia upepo wa nguvu mkononi. Upepo ukifika pale, basi shida iko mbele: vali haifunguki au njia imeziba.

Hii vali ndiyo mwenye hatia wa hadithi yetu, tuikalie kidogo.

Vali imekaa kati ya pampu na ekzosi. Kazi yake ni mbili. Pampu ikipuliza, ifunguke hewa ipite. Pampu ikinyamaza, ifunge kabisa ili moshi usirudi nyuma. Kwa magari mengi inafunguliwa na mvuto wa injini kupitia kampira kembamba kama penseli. Kwa mengine inafunguliwa na umeme au na upepo wenyewe. Kampira hako kakipasuka, vali haifunguki, namba inaandikwa, na watu wananunua pampu. Kampira ni bei ya soda.

Lakini vali ikishindwa kufunga, madhara ni ya pole pole na hakuna anayeyaona. Watu wengi hawajui kwamba petroli ikiungua inatoa maji. Lita moja ya petroli inatoa maji karibu lita moja, yakiwa mvuke ndani ya moshi. Ndiyo sababu asubuhi ya baridi unaona ekzosi inadondosha matone. Sasa moshi huo ukipenya kwenye vali mbovu, unarudi kupitia mpira mpaka kwenye pampu ambayo ni baridi na imelala. Mvuke unageuka maji. Maji ya moshi yana asidi kidogo. Pampu inashika kutu, mapezi yake yanagoma, asubuhi moja inajaribu kuzunguka inashindwa, fyuzi inakatika. Ukiweka pampu mpya bila kugusa vali, umeipeleka kwenye kitanda kilichomuua mwenzake. Kule Nkubu pampu mpya ilidumu miezi mitano hivi.

Huku kwetu hali ya hewa inasaidia kuua. Miteremko ya mlima ni baridi asubuhi, na gari za vikundi zinafanya safari fupi fupi: kuchukua maziwa kilomita mbili, kuzima, kuwasha, kuzima. Mabomba hayapati joto la kukausha maji yake.

Kuipima vali ni rahisi hata kwa asiye fundi, lakini tahadharini na joto. Injini ikiwa baridi na imezimwa, ondoa mpira kwenye vali upande wa pampu. Angalia ndani kwa tochi. Mpira safi na mkavu ni dalili nzuri. Ukikuta masizi meusi au maji, moshi umekuwa ukirudi. Kwa uhakika zaidi, gari ikishatembea na pampu imenyamaza, shikilia kipande cha karatasi ya chooni mbele ya mdomo wa vali. Karatasi itulie. Ikicheza na kuchafuka, vali haifungi. Usiweke kidole. Kwa baadhi ya magari yenye injini ya silinda sita au nane huwa kuna vali mbili, na zote zipimwe.

Matengenezo sasa. Vali ya aina hii haitengenezwi vizuri. Ukiisafisha itakaa wiki chache. Nunueni nyingine pamoja na gasketi yake, maana gasketi ya zamani ikirudishwa utasikia ekzosi inapiga chaf-chaf-chaf chini ya bonneti. Vali ikiwa imetolewa, fundi achungulie kwenye tundu la injini, akwangue masizi kwa uangalifu bila kuyasukuma ndani. Pampu yenyewe, kama haijaoza sana, fundi mwenye subira anaweza kuifungua, kuisafisha kutu na kuirudisha. Tumeona zilizodumu, na tumeona zilizokufa wiki hiyo hiyo, kwa hiyo mwelewane bei ndogo. Mkinunua iliyotumika kule Kirinyaga Road Nairobi, iwekwe kwenye betri mbele yenu kabla ya pesa kutoka mfukoni. Izunguke mara moja, isilie kokoto, na mdomo wake usiwe na kutu.

Baada ya hapo fundi atafuta namba kwenye kompyuta na taa itazima. Msimlipe yote siku hiyo. Namba inaweza kufutwa hata bila kutengeneza chochote, na taa itakaa kimya mpaka gari iwashwe ikiwa baridi asubuhi mbili tatu, kompyuta ijaribu tena, iandike tena. Kubalianeni mapema, kabla ya kazi kuanza, kwamba sehemu ya malipo itabaki wiki moja. Fundi mwaminifu hatakataa, na yule wa Embu ndiye aliyependekeza mwenyewe.

Mafundi wengine watawaambia: toeni pampu yote, tuzibe tundu kwa bati, msahau. Hatutajifanya hatuelewi. Ni rahisi, na gari itatembea. Lakini taa itabaki inawaka daima, na siku sensa nyingine au silinda itakapokuwa na shida hamtajua, kwa sababu mlishaizoea taa. Wengine huichomoa balbu yenyewe, na hapo mmekuwa kama mtu aliyefunga mdomo wa mbwa wa boma. Pia kuna sheria. Kanuni za mazingira juu ya moshi wa magari na ubora wa hewa hazimruhusu mtu kuchafua hewa kwa gari apendavyo, na gari ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Kama pesa hazipo, ni afadhali gari ikae na pampu iliyokufa kwa miezi miwili mkichanga kuliko kung'oa vitu. Ila mpira uliofunguka uzibwe vizuri, moshi usiingie ndani ya gari mnamobeba wagonjwa.

Na kama mtu atataka kung'oa kataliti akisema ndiyo inayoziba nguvu ya gari, kuweni macho. Yale madini tuliyoyataja yana soko. Kuna wanaonunua kataliti kuukuu kwa pesa nzuri, na wenye gari wengi wameachiwa bomba tupu bila kujua wamempa fundi kitu chenye thamani kuliko kazi aliyoifanya. Spea yoyote inayotolewa kwenye gari ya kikundi ni mali ya kikundi. Irudishwe kwenye gunia, iletwe kwenye mkutano, wanachama waione kwa macho. Lile gunia kule Nkubu ndilo lililomwokoa mwekahazina. Pampu zote mbili ziliwekwa mezani, ya kwanza na ya pili, zikainamishwa mbele ya watu, na zote mbili zikatoa maji meusi. Mzee mmoja ambaye alikuwa amesema maneno makali mkutano uliopita alinusa yale maji, akauliza, "Sasa mama, kumbe ni gari ilikuwa inajikojolea?" Watu wakacheka, hata mwekahazina.

Vali ilinunuliwa. Pampu ya pili ilisafishwa, ikarudishwa, kwa sababu ilikuwa bado changa. Wale wanachama wawili walirudi kuchanga mwezi uliofuata, mmoja kwa kusukumwa na mkewe. Dereva sasa ana daftari dogo chini ya kiti: tarehe, kilomita, taa iliyowaka, kilichofanywa, jina la fundi, na spea iliyorudishwa. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kupakia maziwa, anafungua bonneti na kusikiliza ile draya ya saluni mpaka inyamaze, halafu anaandika neno moja kwenye daftari: "Imelia."